Jioni ya Forodhani: namna ya kufika, kutazama na kula

Mgeni anayefika Unguja kwa mara ya kwanza huambiwa na kila mtu aende Forodhani akale. Ushauri huo si mbaya, lakini haujakamilika. Anayeufuata kama ulivyo hufika saa mbili usiku tumbo likiwa tupu, hudakwa na muuzaji wa kwanza anayemwita, huwekewa sahanini vitu asivyovichagua, hulipa bei inayotajwa baada ya kula, kisha hurudi alikofikia akijiuliza sifa zote zile zilitoka wapi. Nayajua haya kwa sababu jioni yangu ya kwanza ilikwenda vivyo hivyo, na nilichoambulia ni vipande vitatu vya pweza vilivyokakamaa kama kamba ya katani pamoja na hesabu ambayo mpaka leo sijaielewa. Tangu hapo nimerudi mara nyingi kwa utaratibu mwingine, nao ndio ninaoueleza hapa: kufika mapema, kutembea kabla ya kukaa, kukaa kabla ya kula, na kula kidogo kidogo kwa muda mrefu.

Jina linasema nini

Forodhani ni ile bustani iliyo ufukweni mwa Mji Mkongwe, mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib, na jina lake linajieleza lenyewe. Hapa palikuwa na forodha, mahali ambapo mizigo ilishushwa kutoka vyomboni, ikahesabiwa na kutozwa ushuru. Katika enzi ya Sayyid Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Maskati katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, kazi ya kukusanya ushuru huo ilikodishwa kwa wafanyabiashara wa Kihindi, na aliyevuma kuliko wote miongoni mwao alikuwa Jairam Shivji. Mkataba wa mwaka 1833 kati ya Sayyid Said na Marekani uliweka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa zilizoletwa na merikebu za nchi hiyo, na ni merikebu hizo hizo zilizotuletea kitambaa cha pamba ambacho wazee wetu walikiita marekani, jina ambalo halijafutika madukani. Bidhaa zilizopelekwa nchi za nje zilikuwa pembe za ndovu, karafuu, sandarusi (utomvu mgumu wa miti) na ngozi. Watumwa nao walipitishwa hapa na kutozwa ushuru kwa kichwa, mpaka mkataba wa Juni 1873 ulipopiga marufuku biashara hiyo baharini na kulifunga soko la watumwa la Mkunazini.

Ukilijua hilo kabla ya kufika, utaiona jioni yenyewe kwa jicho lingine. Pale unapouliza bei ya mshikaki ndipo palipopimwa meno ya tembo, na mtindo wa kutaja bei ya juu kwanza kisha kushuka taratibu haukuanza na watalii.

Kufika kwa miguu, na kwa mpangilio

Usishushwe na teksi mbele ya bustani. Ikiwa unatoka mjini, panda daladala hadi Darajani na uvuke Mji Mkongwe kwa miguu. Lakini njia ninayoipenda zaidi, na ambayo inamfaa hata aliyeteremka kwenye boti ya kutoka Dar es Salaam siku hiyo hiyo, ni ile ya kuanzia bandarini Malindi na kufuata barabara ya Mizingani huku bahari ikiwa mkono wako wa kulia. Ni mwendo wa dakika kumi hivi kwa mtu mwenye haraka. Wewe jipe saa nzima, na uanze kama saa kumi na nusu jioni, jua linapoanza kupoa.

Jengo la kwanza la kusimama ni ile nyumba yenye roshani za mbao zilizonakshiwa kama kitambaa cha lesi, ambayo wengi huiita Dispensari ya Zamani. Iliasisiwa mwaka 1887 kwa gharama ya Tharia Topan, tajiri wa Kiismailia aliyewahi naye kuishika forodha ya Zanzibar, na haikukamilika mpaka mwaka 1894, miaka mitatu baada ya yeye kufariki. Itazame kwanza ukiwa upande wa pili wa barabara, kwa sababu ukiikaribia mno nakshi zinapotea machoni. Mbele kidogo utaukuta Mti Mkubwa, mahali ambapo wenyeji hupaita Mtini, na ambapo manahodha wa vyombo vidogo hukaa kivulini wakisubiri abiria. Hapo utaanza kuitwa. Usiudhike; sema tu kwamba leo huendi kisiwani, na uendelee na safari yako.

Kisha yanakuja majengo ya watawala, na hapa ndipo inapokupasa kupunguza mwendo. La kwanza ni Kasri, lililojengwa upya baada ya lile la awali kubomolewa kwa mizinga, ambalo kwa sasa ni makumbusho. Ikiwa unataka kuingia ndani, itakubidi uje mapema zaidi ya saa niliyoitaja, kwani makumbusho hayangoji machweo. Baada ya Kasri kuna nafasi iliyo wazi, na watu wengi huipita bila kugeuza shingo. Hapo palisimama Beit al-Hukm, kasri jingine lililobomolewa kwa mizinga hiyo hiyo. Tarehe 25 Agosti 1896 alifariki Sultani Hamad bin Thuwaini, na binamu yake, Khalid bin Barghash, akaingia kasrini bila idhini ya Waingereza. Waingereza walimpa muda wa mwisho wa kuondoka uliokwisha saa tatu kamili asubuhi ya tarehe 27, na dakika mbili baadaye manowari zao zikaanza kufyatua mizinga. Mambo yalikwisha kabla ya saa nne. Upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja, na Khalid mwenyewe alikimbilia kwenye ubalozi mdogo wa Wajerumani. Vitabu vingi hupenda kuviita vita hivyo vifupi kuliko vyote duniani, kana kwamba ufupi ndio jambo la maana ndani yake. Ukisimama kwenye nafasi hiyo tupu unaona kwamba hata dakika arubaini hazikuwa chache.

Beit al-Ajaib iko jirani. Sultani Barghash aliijenga mwaka 1883 kwa ajili ya sherehe na mapokezi, ikawa nyumba ya kwanza Zanzibar kuwa na umeme, na ndiyo iliyoitwa nyumba ya maajabu kwa sababu ya umeme huo na lifti yake. Mnara wake wa saa si wa tangu mwanzo. Uliongezwa baada ya mashambulizi ya 1896, ambayo yaliubomoa mnara wa taa uliokuwa umesimama peke yake mbele ya jengo. Tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi za ukarabati zikiendelea, sehemu kubwa ya upande wa mbele iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Kwa hiyo usitarajie kuipanda roshani yake kama walivyofanya wageni wa miaka iliyopita. Itazame kwa nje, kisha vuka kuelekea Ngome Kongwe.

Ngome hii ni ya zamani kuliko vyote ulivyovipita. Waarabu wa Oman waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno mwishoni mwa karne ya 17, mahali ambapo Wareno walikuwa na kanisa. Kwa nyakati mbalimbali imekuwa kambi, gereza na karakana ya reli. Ndiyo, reli: mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ilitandika njia ya maili saba hivi kutoka hapa hadi Bububu, na garimoshi likawa linapita katikati ya vichochoro vya mji likirusha cheche. Huduma ya abiria ilikoma mwaka 1922. Leo ndani ya ngome kuna ukumbi wa wazi wenye ngazi za mawe, ambao mwezi Februari hujaa watu wa tamasha la Sauti za Busara, na ambao tangu mwaka 1998 umekuwa pia nyumbani kwa tamasha la filamu la nchi za jahazi. Kama ziara yako imeangukia wakati wa matamasha hayo, badilisha mpango mzima: kula mapema, kwani baada ya saa tatu usiku watu wote wa ngomeni humiminika bustanini kwa pamoja.

Kukaa ukutani

Sasa ingia bustanini, lakini usitazame meza za chakula kwanza. Bustani hii ilifunguliwa mwaka 1936 kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultani Khalifa bin Harub, ikaitwa Bustani ya Jubilei, na kile kijumba cha mviringo kilichopo katikati ndipo beni ya Sultani ilipokuwa ikipiga muziki. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 jina la Jubilei lilitupwa, na watu wakaendelea na lile ambalo hawakuwahi kuliacha. Sura unayoiona leo, yaani njia za mawe, taa, mifereji ya maji, mahali pa watoto kuchezea na uwanja wa wauza chakula, ni ya ukarabati uliofanywa na Shirika la Aga Khan la Utamaduni kati ya mwaka 2008 na Julai 2009. Wapo wanaolalamika kwamba bustani ilipoteza ladha yake wakati wauzaji walipovalishwa kofia nyeupe za wapishi na taa za umeme zikachukua nafasi ya karabai. Mimi naikumbuka harufu ya maji yaliyotuama, na siungi mkono malalamiko hayo.

Tafuta nafasi kwenye ukingo wa ukuta wa bahari. Jua la Unguja huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa kumi na mbili na dakika arubaini na tano mwaka mzima, likichelewa zaidi mwezi wa Januari na Februari, kwa hiyo ukiwa umekaa saa kumi na mbili kasoro robo hutakosa kitu. Jambo moja ambalo waongozaji wengi hawalisemi ni kwamba uzuri wa saa hiyo unategemea maji. Vijana hupiga mbizi kutoka ukutani bahari ikiwa imejaa. Ikiwa imekupwa, unabaki na mchanga, mawe na ngalawa zilizolala ubavu. Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa mwandamo, maji hujaa kama saa kumi jioni na kuanza kushuka, na kila siku hujaa nyuma ya siku iliyotangulia kwa dakika hamsini hivi. Kwa hiyo jioni bora ni ya siku mbili au tatu baada ya mwezi mpevu au mwandamo, wakati bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi, bado ina nguvu na maji yanajaa sawa na machweo. Ukiweza kuchagua siku yako, chagua kwa kuutazama mwezi.

Nimekaa mara nyingi kuwatazama vijana hao, na naweza kueleza jinsi mmoja anavyofanya. Husimama mbali, nyuma ya benchi, huvuta kaptula juu, hungoja mpaka wenzake wampishe, kisha hukimbia hatua sita au saba pekupeku juu ya mawe, na katika hatua ya mwisho hukanyaga ukingo kwa vidole tu, hujikunja angani kama jongoo, na kufunguka kabla tu ya kugusa maji. Wa nyuma yake huwa ameshaanza kukimbia kabla ya huyu kuibuka. Ukitaka kuwapiga picha, waulize. Wengi watakubali, na wachache watataka kitu kidogo, na kiasi hicho ni juu yako na wao.

Kule mbele, kwenye maji hayo hayo, ndiko Glasgow ilikozama mwaka 1896. Ilikuwa merikebu ya Sultani, nayo ilithubutu kujibu mizinga ya manowari. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji kwa miaka mingi, kila mtu akiiona kutoka pwani, mpaka mabaki yake yalipovunjwavunjwa mwaka 1912.

Adhana ya magharibi ikilia, utaona nusu ya watu waliokuwa ukutani wakiondoka kuelekea misikitini. Usifikiri jioni imekwisha. Huu ndio wakati ambao meza zinapangwa sawasawa, makaa yanashika moto, na mwenye kusubiri dakika ishirini atakuta kila kitu tayari na msongamano haujaanza.

Kula

Kwanza zunguka uwanja wote wa chakula bila kununua kitu. Hili ni gumu, kwa sababu kila meza itakuita, na wengine watakufuata hatua mbili tatu wakikutajia samaki mmoja mmoja kwa jina na lugha tano. Salimia. Kwa mtu mzima "Assalamu alaikum" au "Shikamoo" inatosha, na ukiongeza "nazunguka kwanza, maalim, nitarudi" hakuna atakayekasirika. Anayekuja kutoka pembeni, asiye na meza wala makaa, akakushika mkono na kukupeleka kwa "rafiki yake", huyo ni papasi, na ujira wake utaingizwa kwenye bei yako. Mkatae kwa upole mapema, kwani ukimkataa baada ya kutembea naye robo saa ataona umemdhulumu. Wapo pia waongozaji halali wenye vitambulisho, lakini kwa Forodhani yenyewe huwahitaji.

Katika mzunguko huo, tazama zaidi ya kusikiliza. Mishikaki ya vitu vya baharini unayoiona imepangwa juu ya meza, ya pweza, ngisi, kamba, kolekole, jodari na papa, mara nyingi huwa imeshachomwa kiasi kabla ya kuletwa, na muuzaji huipasha moto tu unapoichagua. Hilo peke yake si kosa. Kosa ni mshikaki kupashwa mara tatu au nne, au kulala hadi kesho yake. Pweza aliyekwisha siku zake ncha za minyiri yake huwa nyeusi na ngumu. Ngisi huwa na rangi ya njano na kingo zilizojikunja. Samaki hupasuka kwa mistari mikavu na hana unyevu hata kidogo pale alipochomwa kijiti. Angalia pia ni meza ipi inayozungukwa na wenyeji, hasa familia zenye watoto, kwani mama wa Kiunguja hampi mwanawe samaki wa jana. Ukiwa na shaka, uliza wazi: "Hii ya leo?" Jibu litakuwa ndiyo, bila shaka, lakini tazama uso wa msaidizi wake wakati jibu linatolewa.

Bei ulizeni kwa kipande, kabla ya moto, na kwa shilingi. Taja kila kitu na idadi yake, hesabuni pamoja jumla, na ndipo chakula kiende kwenye makaa. Kataa sahani ya mchanganyiko inayojazwa huku mnazungumza. Ndiyo iliyoniponza mimi. Beba noti ndogo ndogo, za elfu moja na za elfu mbili, maana chenji usiku huwa haipatikani kwa urahisi, au husemekana haipatikani. Kuhusu kambamti na kaa wakubwa, nitasema ninachoamini: ni vya kupigiwa picha. Bei yao ni ya juu kuliko vyote, na kwa fedha hiyo hiyo utakula vitu vinne vyenye ladha zaidi.

Kitu cha kwanza miongoni mwa hivyo ni urojo, na nakushauri uanze nao. Ni mchuzi mzito wa manjano uliotengenezwa kwa unga, ndimu na embe mbichi, na muuzaji humimina mchuzi huo juu ya viazi, bajia na kachori zilizokatwakatwa, kisha huongeza kipande cha yai, mshikaki mmoja au miwili ya nyama, chatne ya nazi, chipsi za muhogo zilizovunjwavunjwa na pilipili. Utaulizwa kama unataka pilipili. Ikiwa si mzoefu, sema "kwa mbali". Bakuli moja lina uchachu, chumvi, ulaini na ukakamavu kwa pamoja, nalo hushibisha kiasi cha kumfanya mtu achague vinavyofuata bila papara. Asiyeupenda urojo wa Forodhani asikate tamaa. Wajuzi wengi watakuambia kwamba urojo bora uko mitaani, kwenye vibaraza ambavyo havina taa wala kofia nyeupe, na sina hoja ya kuwapinga.

Kitu cha pili ni ile ambayo siku hizi inaitwa piza ya Zanzibar, ingawa haina uhusiano na Italia, na ambayo inafanana sana na mantabali wanayopika bibi zetu. Simama ukiangalia inavyotengenezwa. Mpishi huchukua donge la unga lenye ukubwa wa yai, hulibonyeza kwenye ubao uliopakwa mafuta, halafu hulisukuma kwa ncha za vidole kutoka katikati kwenda pembeni mpaka ubao unaonekana chini yake. Juu yake huweka kipande kidogo cha chapati nyingine ili katikati pasitoboke, kisha nyama ya kusaga, kitunguu, nyanya na pilipili boga, huvunjia yai, hukoroga vyote pale pale juu ya unga, na kwa mikunjo minne ya haraka huufunga mraba na kuuteleza kwenye chuma cha moto. Akimwaga yai mezani, utajua ni mpishi mgeni. Mzoefu hadondoshi hata tone. Ya nyama ndiyo asili yake. Zile za ndizi na chokoleti zipo kwa ajili ya watoto, na kwa watu wazima wanaosingizia watoto.

Mkate wa ufuta uliotoka kuchomwa, ukiliwa na mishikaki ya ng'ombe na muhogo wa kuchoma wenye ndimu na pilipili, ni chakula kamili cha bei nafuu. Zaidi ya hapo sina la kueleza.

Kinywaji cha mahali hapa ni juisi ya miwa. Muuzaji huupitisha muwa uliomenywa katikati ya magurudumu mawili ya chuma, huukunja mara mbili, hutia kati yake ndimu nzima na kipande cha tangawizi, na kuupitisha tena na tena mpaka yabaki makapi makavu kama ufagio. Kunywa papo hapo, kwani ikikaa robo saa hubadilika rangi na ladha. Ukiwa na tumbo jepesi mwambie asitie barafu. Pombe haiuzwi bustanini, na si mahali pa kuja nayo mfukoni.

Utakapokuwa umekaa kula, paka watakuja. Paka wa Mji Mkongwe hawalii wala hawarukii meza. Hukaa umbali wa hatua moja na kukutazama mkono. Ukimpa mmoja kichwa cha samaki, jiandae kuwapa saba.

Mambo ya siku na mavazi

Jumamosi na Jumapili jioni bustani hujaa wenyeji, familia nzima na mikeka yao, na wakati wa likizo utasikia Kiswahili cha Unguja kilichochanganyika na Kiarabu cha Maskati, kwa kuwa jamaa waliohamia Oman huja kuwatembelea ndugu zao. Mimi huzipenda jioni hizo kuliko nyingine, lakini anayetaka nafasi ya kutosha aje Jumatatu au Jumanne. Miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua inaweza kuivuruga jioni nzima. Wauzaji hufunika meza kwa nailoni na kusubiri, na nusu yao huenda nyumbani.

Mwezi wa Ramadhani una utaratibu wake. Mchana hakuna kula hadharani katika Zanzibar, na kwa mgeni asiyefunga ni vizuri ajue kwamba hata kunywa maji barabarani ni jambo la kukera. Baada ya futari watu hutulia majumbani, na ni baada ya sala ya tarawehe ndipo Forodhani inapochangamka, ikaendelea hadi usiku mwingi kuliko miezi mingine. Ukija saa moja usiku ukidhani umewahi, utakuta viti vitupu.

Mavazi yawe ya staha wakati wote wa mwaka, mabega na magoti yakiwa yamefunikwa, kwa mwanamume kama kwa mwanamke. Vijana wanaopiga mbizi wana ruhusa yao. Wewe si mmoja wao. Usiwapige picha kina mama waliokaa na familia zao bila kuomba, na ukinyimwa ruhusa, shusha simu yako waione imeshuka.

Kuondoka

Kuanzia saa nne usiku meza huanza kupungua, na bei nazo. Wapo wanaosubiri saa hiyo makusudi. Sishauri, kwa sababu kilichobaki kina sababu ya kubaki, isipokuwa mkate na muhogo.

Badala ya kurudi moja kwa moja, maliza kwa kahawa. Pita ubavuni mwa Ngome Kongwe uingie mtaa wa Gizenga, kisha muulize yeyote njia ya Jaws Corner. Ni mwendo wa dakika chache kwenye vichochoro ambavyo saa hiyo bado vina watu. Hapo ni makutano yenye baraza pande zote, ambapo wazee hucheza dhumna na kubishana siasa kwa sauti ambayo mgeni huidhania ugomvi. Usiingilie mjadala. Toa salamu, kaa mwisho wa baraza, na muuza kahawa atakuja na dele lake na vikombe vinavyoingia kiganjani. Kahawa ni chungu, haina sukari, na hunywewa kwa kashata. Ukimaliza usikiweke kikombe chini. Mrudishie mkononi, naye atakisuuza kwenye ndoo yake na kumjazia anayefuata.